Popo Hapandi kwa Mstari

Mama,

Wiki iliyopita niliulizwa tena swali lile lile, mbele ya baadhi ya watu wale wale. Tofauti ni kwamba safari hii hukuwepo kunisuka nywele asubuhi yake. Nakuandikia kukuambia nilijibu nini. Kaka Deo angependa nije nikuambie kaburini, maneno yaishie mchangani. Lakini mimi na wewe tulisema mbele ya watu, na hili nalo naliandika mbele ya watu.

Kazi yangu unaifahamu. Nimeandika habari za huku kwetu, kutoka Kilwa mpaka Lindi, zaidi ya miaka ishirini: maghala ya korosho, visima visivyotoa maji, tembo walioingia mashambani, mvua zilizokata barabara. Vijana ninaofanya nao kazi wananitania kwamba mtu nitamuuliza swali moja mara tatu, na mara ya tatu nitamuuliza alikuwa amesimama wapi. Hawajui nilikojifunzia. Nilijifunzia kwenye baraza la kijiji nikiwa na miaka kumi na saba, na mwongo aliyekuwa akiulizwa pale alikuwa mimi.

Naanza na vidole, maana ndivyo ulivyoanza wewe.

Kila Jumamosi mchana ulitukusanya watoto wa komunyo ya kwanza katika kigango chetu cha mabati. Wakristo kijijini tulikuwa nyumba chache, na kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Ulisimama mbele yetu, ukainua mkono wa kushoto ukiwa wazi, ukasema, "Dhambi haiji na ngoma. Inakuja na kidole kidogo."

Kidole kidogo ulikiita wazo. Wazo si dhambi, ulisema, linamjia hata mtakatifu akiwa anasali. Ulikikunja. Cha pete kilikuwa utamu: wazo umelipa kigoda, limekaa, mnatazamana. Ukakikunja. Cha kati kilikuwa ridhaa, pale moyo unaposema "haya" na hakuna aliyesikia. Cha shahada kilikuwa tendo. Kisha likabaki gumba, na gumba ulisema ni mazoea. Ukalilaza juu ya vingine, mkono ukawa ngumi, ukatuzungushia ngumi hiyo mmoja mmoja, karibu na pua.

"Mkono kama huu unapokea nini?"

"Hakuna," tuliitikia.

"Hata Mwili wa Bwana?"

"Hakuna."

Skola, binti wa fundi cherehani, aliuliza siku moja, "Mwalimu, na mtu mwenye vidole sita?"

"Huyo kapewa nafasi moja zaidi ya kutubu kuliko wewe. Kaa chini."

Tulicheka, nawe ulicheka. Sijawahi kusikia padre akieleza jambo hilo vizuri kuliko wewe, na nimesikiliza mapadre wengi. Ndiyo maana nina uchungu. Hukupotea njia kwa kutoijua. Njia uliichora mwenyewe, kituo kwa kituo, ukatufundisha majina ya vituo vyote, kisha ukaipita hatua kwa hatua ukiwa umenishika mkono.

Shamba letu na la Bi Somoe yalitenganishwa na ua wa minyaa. Baba alikuwa amefariki, Deo alikuwa bweni Nachingwea, na nyumbani tulibaki mimi na wewe, na Bi Somoe upande wa pili. Mimi nilimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Nyinyi mliitana shoga. Idi tulikula kwake. Krismasi yeye na mumewe walikula kwetu, na kuku wa Krismasi alichinjwa na mumewe ili nao waweze kula.

"Shoga, ungebatizwa tu, ungekuwa mtakatifu," ulimwambia.

"Na wewe ungesilimu, ungejifunza kunyamaza walau mwezi mmoja kwa mwaka."

Mumewe alipofariki mlipika naye na kulia naye. Mwaka uliofuata mama yake alipata kiharusi huko Kilwa Kivinje, na hakukuwa na mwingine wa kumuuguza. Nilikuwa na miaka tisa. Alikuja asubuhi akiwa ameshafunga mizigo. Wewe ulikuwa unapepeta mtama, mimi nimekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Niangalizie shamba, shoga," alisema. "Lima, panda utakacho, mradi lisirudi kuwa msitu."

"Hiyo ni amana," ulisema.

"Ndiyo, amana."

Nilisikia kila neno, pamoja na hayo mawili: panda utakacho. Kwa mila ya kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Aliyepanda mkorosho kwa ruhusa, mkorosho ni wake, hata kama umesimama katika shamba la mtu mwingine. Mkorosho uliojiotea ni wa mwenye ardhi. Kila mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kuandika jina lake.

Miezi michache baada ya Bi Somoe kuondoka, tulikuwa tunapalilia upande wake wa minyaa, tukakuta mche wa mkorosho pasipokuwa na mkorosho karibu. Usiku popo hubeba bibo, tunda lenye korosho yake, hulila wakiwa wananing'inia kwenye mti mwingine, na korosho inaanguka inapoangukia. Mche ulikuwa na majani manne, mekundu bado.

"Popo kamletea mwenzangu zawadi," ulisema, ukauzungushia udongo kwa viganja. Kisha ukapima kwa macho kutoka mche mpaka kwenye minyaa. "Angebeba mbele kidogo tu, hatua tatu, angetuletea sisi."

Nilicheka. Hicho kilikuwa kidole kidogo, na kwa mafundisho yako mwenyewe hakikuwa dhambi.

Idi iliyofuata Bi Somoe alikuja kwa siku mbili. Mimi ndiye niliyemkimbilia njiani. "Mama mdogo, popo kakupandia mkorosho!" Alicheka, akanipa tende, akasema popo huyo aombewe dua. Ndivyo habari ile ilivyotoka kinywani mwangu. Ilikuwa habari yangu ya kwanza, na ilikuwa sahihi.

Mche ule ulikua kuliko yetu. Uliukatia matawi ya chini, uliuondolea mchwa, wakati wa kiangazi uliubebea maji ya kuoshea vyombo, kitu ambacho mikorosho ya kwetu haikuwahi kufanyiwa. Jioni ukimaliza kazi ulipita kuutazama. Nilidhani ni kwa ajili ya amana. Kisha nikasikia unauita mkorosho wetu wa ng'ambo. Uliusema kwa mzaha, na mzaha ukizoeleka mtu haulizi tena kama ni mzaha. Huo ulikuwa utamu, Mama. Uliupa kigoda.

Mwaka wa pili, mvua za kwanza, ulikuja na kamba ya katani na miche mitatu uliyoiotesha kwenye makopo. Ulifunga ncha moja ya kamba kwenye shina la mkorosho wa popo, ukanipa mimi ncha ya pili.

"Vuta. Simama wima. Usiyumbe."

Nilivuta. Ulipima nafasi sawasawa, ukachimba mashimo matatu chini ya kamba, ukapanda. Ulipomaliza ulisimama nyuma yangu ukafumba jicho moja. Mikorosho minne ilikuwa imesimama mstari mmoja, na ule wa popo ukawa wa kwanza wa mstari.

"Sasa inapendeza," ulisema.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilidhani unapenda vitu vilivyonyooka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba miche ile mitatu ilipandwa ili kuuficha mmoja. Sijui kama siku ile ulijua hivyo mwenyewe. Nimelifikiria sana, na kama mwandishi naandika ninachokijua: ulifunga kamba kwenye mkorosho wa popo, na huko nyumbani kulikuwa na nafasi tele ya kupanda.

Ukaja msimu wake wa kwanza wa kuzaa. Tulikuwa na matenga mawili, letu na la Bi Somoe, la kwake limefungwa kitambaa chekundu. Korosho za mkorosho wa popo ziliingia tenga lenye kitambaa. Msimu wa pili zile zilizodondokea upande wa minyaa ziliingia kwetu, kwa kuwa ulisema huenda ni za kwetu zimebiringika. Korosho haibiringiki kupanda mlima, na shamba letu lipo chini ya lake. Msimu wa tatu zote ziliingia kwetu, na hukusema kitu, nami sikuuliza.

Bi Somoe alirudi moja kwa moja nilipokuwa na miaka kumi na saba, baada ya kumzika mama yake. Alikuja kwetu kabla hajafagia kwake. Mlikaa mkekani, nami nilikuwa naosha vyombo.

"Nimepita shambani, shoga. Umelitunza, Mungu akulipe. Na huu wa popo umekuwa jitu. Msimu huu tutauokota pamoja."

"Popo gani?" ulisema.

Alicheka. "Popo wangu."

"Ile mikorosho minne nimeipanda mimi."

Niliacha kuosha. Bi Somoe aliendelea kutabasamu kwa muda, akisubiri sehemu ya pili ya utani. Haikuja.

"Mitatu umepanda wewe, naona," alisema taratibu. "Nilikuambia upande. Lakini ule wa kwanza, shoga?"

"Mimi ndiye niliyeulea miaka yote hiyo. Mwenye mti ni nani, aliyekuwa Kivinje au aliyekuwa na jembe?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na kama ungelisimamia lilivyo, nadhani angekuachia hata huo. Ungesema: ni wa popo, lakini jasho ni langu. Alikuwa mtu wa kukubali neno kama hilo. Hukulisimamia. Ulirudia kwamba umeupanda, kisha ukarudia tena, na kila uliporudia ulikuwa mbali zaidi na mkeka mliokalia.

Shauri lilifika kwenye baraza la wazee wa kijiji. Asubuhi ya siku ile ulinikalisha katikati ya magoti yako ukanisuka. Hukuwa umenisuka tangu nianze sekondari. Ulisuka taratibu, mistari myembamba, na ulipofika nyuma ya sikio ulisema, "Ukiulizwa, unajua la kusema."

Hukuniambia nidanganye. Nataka niwe sahihi hapo. Ulisema maneno hayo manne tu, na vidole vyako vilikuwa kichwani kwangu, vyote kumi.

Watu walijaa ofisi ya kijiji mpaka madirishani. Mzee Nangumbi, aliyeongoza baraza, alitaka kila mmoja aape kwa kitabu chake. Wewe uliapa kwa Biblia kwamba mikorosho yote minne uliipanda kwa mkono wako. Msahafu ukaletwa kwa Bi Somoe. Alijitanda vizuri, akautazama, hakuugusa.

"Siwezi kuapa," alisema. "Sikuwepo ulipoota. Nililolijua niliambiwa."

"Sasa mama, unadai nini kama huapi?"

"Nadai kilicho changu. Lakini kuapa, naapa kwa nililoliona. Aliyeniambia yupo hapa, mumuulize yeye. Ni huyu mtoto, Tekla. Aliniambia mwenyewe ni wa popo."

Mzee Nangumbi alikuwa mcheshi, na watu walipenda kusikiliza mashauri yake. Aliwageukia watu. "Mimi nimekwenda kuiona mikorosho hiyo. Imesimama kama askari. Jamani, popo hapandi kwa mstari."

Ofisi nzima ilicheka. Mtu mmoja dirishani alisema labda popo yule kasoma kilimo, wakacheka tena. Ulicheka na wewe. Kisha nikaitwa mbele.

"Binti, ulimwambia mama huyu kwamba mkorosho ni wa popo?"

Bi Somoe alinitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa na uhakika, na uhakika wake ulikuwa mimi.

"Nilikuwa mdogo," nilisema. "Nilikuwa nafanya utani."

"Na ulimwona mama yako akiupanda?"

"Ndiyo."

Hilo ndilo tendo, kidole cha nne, kidole ambacho jirani zetu Waislamu hukiinua wanapokiri imani yao. Cha kwako na cha kwangu vilikunjwa siku moja. Bi Somoe hakulia wala hakunilaani. Alivaa kandambili zake, akatoka. Katika watu wote waliokuwa pale, mtu pekee aliyekataa kusema asichokiona ndiye aliyeshindwa. Kazi hii ninayoifanya alinifundisha yeye, kwa kukataa kwake kuugusa msahafu.

Yaliyofuata yalikuwa gumba. Misimu ikaja na kupita, tukaokota. Minyaa ikaota kwa urefu, hamkusalimiana kwenye kisima, Krismasi kuku akachinjwa na yeyote, maana hapakuwa tena na mgeni Mwislamu wa kumla. Wewe uliendelea kufundisha vidole. Lakini nilikuona kanisani, Mama. Kuanzia mwaka ule ulihamia benchi la nyuma, na watu walipopanga mstari wa komunyo ulibaki umekaa. Uliwaambia ni mguu. Mguu huo ulikupeleka mnadani na kukurudisha.

Nilikuuliza mara moja tu, nilipokuwa nimeshaanza kazi. Ulikuwa unabangua korosho, mikono imeingia weusi wa mafuta yake.

"Kwa nini hurudishi ule mmoja tu, mambo yaishe?"

"Padre ananiambia hivyo hivyo kila nikienda kuungama," ulisema. "Nirudishe ndipo aniondolee."

"Basi rudisha."

"Nikiurudisha, nimesema wewe ni mwongo. Umeshakuwa mtu wa kuandika kwenye magazeti. Nani atakuamini tena?" Ukapasua korosho nyingine. "Naubeba kwa ajili yako."

Hapo ndipo nilipokuchukia, na sikukuambia. Mwanzo ulinifanya mshika kamba, halafu shahidi, na mwisho ukanifanya kisingizio. Na mimi nilikubali, Mama, sikatai. Nilirudi mjini nikiwa nimefarijika. Mtu akikuambia anabeba dhambi kwa ajili yako, hata kama unajua si kweli, mabega yanahisi wepesi.

Ulipokuwa unakufa mwaka jana nilichelewa, kwa kuwa daraja lilikuwa limekatika. Deo aliniambia padre alikuja na Ekaristi, akauliza kama uko tayari, ukasema, "Bado." Deo anaamini ulimaanisha hukuwa tayari kufa. Anawasimulia watu kwamba ulikuwa jasiri. Sikumsahihisha.

Sasa nikuambie ya wiki iliyopita. Kijiji kinapima mashamba ili kila mtu apate hati ya kimila. Wapimaji wanapita mpaka kwa mpaka, majirani na warithi wakiwepo, na kila mti wenye mgogoro wa zamani unaulizwa kabla haujaandikwa. Kikiandikwa kwenye hati kimekwisha. Bi Somoe ni mzee sana, na hana miaka mingine ya kungoja. Deo alinipigia simu.

"Wanataka mimi na wewe. Mimi nilikuwa bweni, siwezi kusema. Wewe ulishasema, wamekuandika kwenye daftari la zamani. Njoo urudie tu."

"Kaka, unajua nilisema nini?"

"Ulisema ndiyo. Sema ndiyo tena, tule, twende. Hapa si gazetini, Tekla."

"Na kama haikuwa ndiyo?"

"Mama alishaapa. Unataka kumtoa kaburini umfunge?"

Nilipanda basi Lindi. Wazo lilinijia stendi, na lilikuja kwa sauti yako: yaliyopita si ndwele. Basi lilipotoka mjini nililipa kigoda. Niliwaona watoto wa Deo chini ya mikorosho, nikaona jina langu likibaki safi, nikaona aibu ya mwalimu wa komunyo ikibaki chini ya udongo. Tulipofika Kitomanga nilikuwa nimeshatunga sentensi: "Nilikuwa mdogo, sikumbuki vizuri." Ni sentensi nzuri. Nimewaandika wakubwa wengi wakiisema, na sikuwahi kupata namna ya kuivunja. Hapo vidole vitatu vilikuwa vimeshakunjwa, Mama, na nilikuwa bado sijanunua maji ya kunywa.

Kilichonizuia hakikuwa malaika. Ni mazoea ya kazi. Mtu akiniambia hakumbuki, huwa namuuliza alikuwa amesimama wapi. Nikajiuliza. Nilikuwa nimesimama upande wa Bi Somoe wa minyaa, mvua imenyesha, ncha ya kamba mkononi, na ncha nyingine imefungwa kwenye mti uliokuwa umenipita urefu kabla ya hiyo miche mingine kutoka kwenye makopo. Nilishuka Kiranjeranje nikiwa nakumbuka vizuri sana.

Asubuhi yake tulikutana shambani. Mpimaji alikuwa kijana mpole mwenye kofia, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa na daftari. Deo alikuwepo. Mzee Nangumbi aliletwa kwa pikipiki kwa kuwa ndiye aliyebaki wa baraza lile. Bi Somoe alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, fimbo magotini. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," alisema, akitazama mikorosho.

Mwenyekiti alisoma daftari, kisha akanigeukia. "Dada Tekla, hapa imeandikwa ulishuhudia marehemu akiipanda yote minne. Ndivyo?"

"Hapana. Mitatu nilimwona akiipanda. Huu wa kwanza ni wa popo."

Deo alitema mate pembeni. "Dada, tafadhali."

"Nilisema uongo siku ile," niliendelea. "Bi Somoe ndiye aliyesema kweli. Niliyemwambia habari ya popo ni mimi, na sikuwa nafanya utani."

Mzee Nangumbi aliinua kichwa. Masikio yake hayasikii sana, lakini hilo alilisikia. "Lakini popo hapandi kwa mstari," alisema, safari hii kama anauliza.

"Popo alipanda mmoja, mzee. Mama akauwekea mstari. Kamba nilishika mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliitazama mikorosho yote minne, wa kwanza mnene kuliko wenzake, jambo ambalo mtu yeyote angeliona siku ile kama angetazama mashina badala ya mstari. "Basi niliyewachekesha watu ni mimi," alisema, akaomba apelekwe kivulini.

Mwenyekiti alishika kalamu. "Kwa hiyo yote minne nimwandikie Bi Somoe? Ardhi ni yake, na kesi ile ilikuwa ya uongo."

Deo alifumba macho. Ndipo Bi Somoe alipoinuka kwenye ndoo. Alitembea mpaka kwenye mkorosho wa popo, akaugonga kwa fimbo mara moja.

"Niandikie huu," alisema. "Ile mitatu ni ya marehemu. Nilimwambia apande atakacho, akapanda. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Siku ile nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya mtoto huyu akiosha vyombo. Mimi sikudai mitatu. Nilidai mmoja."

Mitatu ilikuwa yako, Mama. Ilikuwa yako tangu siku aliyofunga mizigo, na alikuambia tena mkekani. Uliapa uongo, ukampoteza shoga, ukaacha komunyo miaka yote hiyo, ukanifundisha kusema "ndiyo" kwa macho makavu, kwa sababu ya mkorosho mmoja uliodondoshwa na popo. Na mmoja huo, ungeuomba, angekupa akicheka.

Nilimfuata Bi Somoe alipokuwa anaondoka. Nilimwomba anisamehe.

Alisimama. "Nilikuwa nakuita mwanangu," alisema. "Ulinitazama usoni ukaniambia ulikuwa unafanya utani. Leo umesema kweli, Mungu akulipe. Lakini kwangu usije kwanza."

"Sawa, mama mdogo."

"Usije kwanza," alirudia, akashika njia yake.

Jumapili nilikaa benchi lako la nyuma. Nilikuwa nimeungama Jumamosi. Padre alisikiliza, akauliza kama kilichochukuliwa kimerudi kwa mwenyewe, nikasema kimerudi. Akaniondolea, akanipa kitubio kifupi mno. Nilipanga mstari na wengine, nikafungua mkono, nikapokea. Ilikuwa rahisi hivyo. Kila Jumapili uliyokaa ukisingizia mguu, ilikuwa rahisi hivyo. Hilo ndilo nisiloweza kukusamehe bado, na nimelitafutia neno la upole zaidi, sikulipata.

Deo hasemi nami. Korosho zitaanza kudondoka miezi michache ijayo. Nimeomba likizo nije niokote ile mitatu yako, na nitaiokota mpaka shina la tatu, si zaidi. Tenga la kitambaa chekundu nimelikuta darini, nimelifuta vumbi, nimeliweka juu ya minyaa upande wake. Asubuhi ya pili lilikuwa halipo. Sijui kama amelichukua kulitumia au amelitupa, na sijaenda kuuliza. Ameniambia nisije kwanza.

Binti yako,
uliyempa ncha ya pili ya kamba.